Siri ya Tanuru na Siri ya Msimbo: Fundi wa Kazi Huru katika Nchi ya Songwe

Kila ufundi una pande mbili. Upande wa kwanza ni ule uonekanao na watu wote: jembe lililokwisha kufuliwa, nguo iliyokwisha kufumwa, kitabu kilichokwisha kupigwa chapa. Upande wa pili ni ule uliofichika, yaani maarifa ya namna kitu kile kilivyopata kuwa. Mnunuzi hutazama upande wa kwanza na kulipa fedha yake. Lakini nguvu ya fundi, katika historia, haikukaa hapo. Ilikaa katika upande wa pili. Mwenye siri ya kazi ndiye aliyeitwa kutoka mbali, ndiye aliyengojewa, na mara nyingi ndiye aliyeogopwa.

Katika miaka yetu hii habari mpya imeingia katika kazi ya usanifu. Yasemwa kwamba mtu aweza kujenga tovuti, duka la mtandaoni, au programu ndogo ya simu, pasipo kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Msimbo ni maandishi ya amri ambayo kompyuta huyasoma na kuyatii, na kujifunza kuuandika vizuri ni kazi ya miaka. Zana hizi mpya humpa msanifu visanduku, vitufe na picha. Yeye huvipanga kwa kidole kama mtu apangaye vyombo chumbani, na zana yenyewe huandika msimbo nyuma ya pazia. Kijana wa Tunduma asiyeajiriwa na mtu, mwenye kompyuta ya mitumba na kifurushi cha intaneti, aweza kupokea kazi ya mwenye nyumba ya wageni Jumatatu na kumkabidhi kabla ya juma kwisha. Wako wasemao kwamba huu ni ukombozi. Wako na wasemao kwamba ni ufundi wa uongo. Insha hii haina nia ya kuukata ugomvi huo kwa haraka. Nia yake ni kuonyesha kwamba jambo lenyewe si geni katika nchi ya Songwe, na kwamba historia yatufundisha kuuliza swali lililo bora kuliko ugomvi: siri ikimtoka fundi mkononi, yaenda wapi?

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa. Mkoa ni mchanga, lakini nchi ni kongwe katika kazi za mikono. Upande wa kaskazini, katika bonde la Ziwa Rukwa, iko Ivuna, mahali ambapo uchimbaji wa mambo ya kale uliofanywa mwaka 1966 ulionyesha kwamba watu walipika chumvi ya chemchemi tangu karne ya 13 hivi. Katika bonde hilo pamba ilisokotwa na kufumwa kuwa nguo nzito. Na juu, katika vilima vya Unyiha, chuma kiliyeyushwa na majembe yakafuliwa. Chumvi, nguo na chuma ndivyo vitu vitatu vilivyowafanya watu wa nchi hii kuendeana na jirani zao kabla ya kuwako mji wa Tunduma wala mpaka upitao ndani yake.

Kati ya kazi hizo tatu, iliyo na mafunzo makubwa kwetu ni ya chuma. Watafiti walioiandika katika miaka ya 1960, walipokuwa bado wako wazee walioikumbuka, walieleza kazi mbili zilizo mbalimbali. Ya kwanza ilikuwa kazi ya tanuru. Mawe yenye chuma yalitiwa pamoja na makaa katika tanuru refu la udongo, na ndani yake ziliwekwa dawa ambazo hakuzijua ila mwenye tanuru na wale aliowarithisha. Siku za kuyeyusha zilikuwa na miiko mizito, na aliyeivunja aliaminiwa kuwa ameharibu kazi ya wote. Kazi ya pili ilikuwa ya mhunzi. Huyu alipokea chuma kilichokwisha kutoka katika mawe, akakipasha moto, akakipiga, akakitia umbo la jembe, shoka au mkuki. Mhunzi alikuwa ndiye msanifu: alijua mkulima wa udongo mgumu ataka jembe la namna gani, na mpasuaji wa magogo ataka shoka la uzito gani. Lakini asingeweza kufanya lolote mwenye tanuru asipowasha moto.

Yaliyotokea baadaye yafaa kuangaliwa kwa makini. Utawala wa kikoloni ulipoingia, na biashara ya majembe ya viwandani kutoka Ulaya ikaenea, matanuru ya Unyiha yalizimika. Jembe la dukani lilikuwa jepesi kupatikana, na tanuru lilikula miti mingi na siku nyingi. Siri ya dawa na ya miiko ikakosa kazi, na wazee waliokuwa nayo wakafa nayo. Walakini mhunzi hakufa. Kwa kuwa chuma sasa kiliweza kupatikana bila tanuru, mhunzi aliokota chuma chakavu, na barabara zilipoleta magari akatwaa springi zilizovunjika, akaendelea kufua visu, mapanga na majembe. Tukitumia lugha ya leo, huyu ni fundi aliyejenga bila msimbo. Alirukwa na siri ya kwanza, akabaki na ya pili; na watu hawakumwambia kwamba jembe lake si jembe kwa sababu hakuyeyusha mawe yeye mwenyewe.

Lakini tusiiache habari hiyo hapo, kwani ina upande wa pili. Zamani mhunzi alimtegemea mwenye tanuru aliyekaa kilima cha pili, ambaye huenda alikuwa mjomba wake au mkwe wake, na ambaye aliweza kumwendea na kumsihi. Baadaye alitegemea chuma kilichoyeyushwa katika nchi asizozijua, na watu ambao hawakujua kwamba yeye yuko. Siri haikutoweka ulimwenguni, ilihama tu. Ilitoka katika kilima cha Unyiha ikaenda katika viwanda vya mbali, na ilipohama ikachukua pamoja nayo uwezo wa kuamua bei, wingi na wakati. Mhunzi alipata uhuru kwa jirani akawa mtegemezi wa mgeni. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo kila asifuye zana nyepesi hana budi kulikumbuka.

Historia ya maandishi katika nchi hiyohiyo ilikwenda kwa njia kama hiyo. Wamisionari wa Kimoravian walijenga kituo chao Mbozi mwaka 1899, na Traugott Bachmann akatafsiri Agano Jipya katika Kinyiha, likachapishwa mwaka 1913. Katika siku zile kati ya mwandishi na msomaji alisimama mpanga herufi. Huyu alisoma kinyumenyume, akaokota herufi za risasi moja moja kutoka katika visanduku, akazipanga mstari kwa mstari, na bila mkono wake hapakuwa na kitabu wala gazeti. Ufundi wake ulijifunzwa kwa kukaa chini ya bwana kwa miaka. Mwandishi aliyetaka neno lake liwe kubwa zaidi, au mstari wake usogee kidogo, alimwomba mpanga herufi, naye aliweza kukubali au kukataa.

Mwaka 1985 programu iliyoitwa PageMaker ilianza kuuzwa Marekani, na pamoja na mashine mpya za kuchapa kwa mwanga ilimwezesha mtu mmoja, mezani pake, kupanga ukurasa mzima. Baadaye kazi hiyo ikashuka katika vibanda vya steshenari vilivyoenea katika kila mji wa Tanzania, Tunduma na Vwawa zikiwamo. Kadi za harusi, vitabu vya stakabadhi, mabango ya misiba na ya mikutano, fomu za mawakala wa forodha: yote yakatengenezwa na vijana wasiopata kugusa herufi ya risasi maishani mwao. Mpanga herufi wa kale angewacheka. Lakini wao ndio waliochapa, naye mashine zake zikauzwa kwa uzito.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na safari ngumu kabla ya kufika mikononi mwa vijana hao. Ya kwanza katika Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi zilizotegemewa hazikwenda vizuri, gharama zilikuwa kubwa, na waliojua kuiendesha walikuwa wageni wachache. Mwaka 1974 serikali ikatoa amri ya kuzuia kuingizwa kompyuta nchini. Wengi wa wasomaji wa leo huicheka amri ile kama kwamba ilikuwa ni woga wa maendeleo. Yafaa tuitazame kwa haki zaidi. Mashine ya wakati ule ilikuwa kama tanuru ambalo dawa zake zimo katika mfuko wa mtu wa nchi nyingine: ililipiwa kwa fedha za kigeni, na ilipoharibika ilimngoja mwenye siri apande ndege. Dawa iliyotumika huenda ilikuwa kali kuliko ugonjwa, na amri yenyewe ililegezwa katika miaka ya 1980. Lakini ugonjwa ulikuwapo. Swali la nani ashikaye siri liliulizwa katika nchi hii mapema, nalo halijajibiwa mpaka leo.

Huko ulimwenguni, wakati huohuo, watu walikuwa wakijaribu kuishusha siri ile. Lugha ya COBOL, iliyotungwa mwaka 1959, ilikusudiwa ifanane na maneno ya kawaida ya Kiingereza ili hata wakuu wa ofisi waweze kuisoma. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, jedwali ambalo mhasibu aliweza kulipa kanuni zake bila kumwita mwandishi wa programu. Mwaka 1987 kampuni ya Apple ilitoa HyperCard, iliyompa mtu kadi za kuunganisha kwa vitufe, na walimu wengi wakaitumia kutunga masomo. Blogger ilikuja mwaka 1999, WordPress mwaka 2003, na mwaka 2013 zikafunguliwa Canva ya Australia na Webflow ya Marekani. Mtu akiziweka zana hizi katika safu moja ataona kwamba kila kizazi kiliitwa kipya, na kila kizazi kiliahidi jambo lilelile: kwamba mwenye haja ya kitu ataweza kukitengeneza mwenyewe.

Kiswahili hakikuachwa nyuma katika habari hii, na jambo hilo lastahili kuandikwa kwa fahari. Katika miaka ya kwanza ya karne hii Ndesanjo Macha alianzisha blogu ya Jikomboe kwa Kiswahili, na mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News, akaanzisha yake, ambayo ilipata kusomwa sana na Watanzania waliokaa ughaibuni. Hawakuhitaji kumwendea mwandishi wa programu. Walichukua zana iliyokwisha kutengenezwa wakatia ndani yake maneno na picha zao. Mwaka mmoja kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Kazi hizi mbili zilikuwa za namna mbili. Wanablogu waliitumia zana jinsi ilivyo. Watu wa Kilinux waliifungua na kuitia lugha ndani, kwa kuwa msimbo wake uliruhusiwa kusomwa na kubadilishwa na kila mtu. Tofauti hiyo itatufaa mbele.

Sasa turudi Tunduma. Mji huu ulifanywa na mpaka. Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Waingereza na Wajerumani ulikata nchi ya Wanyamwanga katikati, wengine wakabaki upande ulio Zambia leo, wengine upande ulio Tanzania. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilipita hapo, pamoja na barabara kuu ya kwenda Zambia. Tarehe 5 Oktoba 2019 marais John Magufuli na Edgar Lungu walifungua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Katika mji wa namna hii, riziki ya wengi ni ya kusimama katikati: wakala kati ya dereva na forodha, mbadili fedha kati ya shilingi na kwacha, mkalimani kati ya lugha na lugha. Msanifu wa kazi huru ni mmoja wa watu hao. Husimama kati ya mfanyabiashara ajuaye anachouza na mashine isiyojua lolote.

Njia zake zilifunguliwa na mambo matatu. Mwaka 2008 Vodacom ilianzisha M-Pesa katika Tanzania, na malipo ya kazi ndogo yakaweza kuvuka wilaya bila benki. Mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, ukafuatwa na EASSy mwaka 2010. Na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ukaenezwa mpaka mipakani, Tunduma ikiwamo, ukaunganishwa na mitandao ya jirani. Kabla ya hayo ukurasa mmoja wenye picha ulichukua dakika nyingi kufunguka. Baada ya hayo iliwezekana kuujenga ukurasa huo kwa zana iliyoko ng'ambo huku mteja akitazama.

Je, msanifu huyu anajua nini ambacho zana haijui? Mwenye kudharau husema hajui kitu, kwa kuwa violezo vimekwisha kupangwa. Tumpe mfano mmoja wa lugha. Violezo vya zana hizi vilipimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja. Neno kama «tutakutumia» ni sentensi nzima, na likiingizwa katika kitufe kilichopimwa kwa neno la silabi moja, kitufe hupasuka au neno hukatwa mkia. Mtu asiye na ufundi huacha neno la Kiingereza mahali pake, na mteja wa Momba hajui abonyeze wapi. Fundi hutafuta neno fupi lililo sahihi, hupanua kitufe, au hubadili mpango wote. Kadhalika bei huandikwa kwa shilingi na kwacha pamoja, kwa kuwa wanunuzi wako pande zote mbili. Nambari ya simu huwekwa juu kabisa, kwa kuwa mnunuzi wa mpakani hupiga simu kabla ya kuamini. Picha hupunguzwa uzito, kwa kuwa kifurushi hulipiwa kwa kipimo. Mambo haya hayamo katika msimbo wala katika zana. Yamo katika kuijua nchi na watu wake, nayo ndiyo yaliyokuwa kwa mhunzi alipochagua uzito wa shoka.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wasemao kwamba asiyeandika msimbo si fundi. Wangelitaka kuwa wa haki wangelimwambia na mhunzi kwamba si fundi kwa kuwa hakuchimba mawe, na mwandishi kwamba si mwandishi kwa kuwa hakutengeneza karatasi. Kila fundi husimama juu ya kazi ya wengine. Lakini vilevile siwezi kuungana na wasemao kwamba siri sasa imekwisha na watu wote ni sawa. Siri haikwisha. Imehama, kama ilivyohama katika Unyiha, na safari hii imekwenda mbali zaidi.

Tazama imekwenda wapi. Jembe la mhunzi, hata kama chuma chake kilitoka Ulaya, likikwisha kuuzwa lilikuwa mali ya mkulima. Hapana aliyeweza kulizima usiku. Ukurasa uliojengwa kwa zana ya namna hii kwa kawaida hukaa katika mashine za kampuni iliyoitengeneza zana, na hulipiwa kodi kila mwezi, mara nyingi kwa dola. Kodi isipolipwa, ukurasa hufungwa. Wix, kwa mfano, haimpi mjenzi njia ya kuitoa tovuti yake nzima aipeleke kwa mwenyeji mwingine. Webflow humruhusu kutoa umbo la kurasa, lakini hazina ya maandishi na fomu havifanyi kazi nje ya nyumba yake. WordPress ni tofauti, kwa kuwa leseni ya msimbo wake yaruhusu kila mtu kuuchukua na kuuhamisha. Hapa ndipo tofauti ya mwanablogu na mtu wa Kilinux inaporudi: iko zana ambayo mlango wake umefungwa, na iko zana ambayo mlango wake hufunguka kwa atakaye kuingia. Zote mbili huitwa kwa jina moja, na mteja hajui ipi amepewa.

Wala haitoshi kutumaini kwamba kampuni kubwa hazifi. HyperCard, iliyopendwa na walimu wengi, iliondolewa sokoni mwaka 2004. GeoCities, ambamo mamilioni ya watu walikuwa wamejenga kurasa zao za kwanza, ilifungwa mwaka 2009, likabaki tawi la Japani tu kwa miaka kumi mingine. Flash, iliyokuwa chombo kikuu cha wasanifu kwa muda mrefu, iliachwa na wenyewe mwisho wa mwaka 2020. Google App Maker, iliyokuwa zana ya kujengea bila msimbo mwingi, ilifungwa mwaka 2021. Katika kila kifo cha zana, kazi zilizozaliwa nayo zilizikwa pamoja nayo, isipokuwa zile ambazo mtu fulani alijisumbua kuzinakili.

Na njia yenyewe ya kufikia zana si ya fundi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokosa intaneti ya kutosha kwa siku kadhaa. Tangu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Katika siku za namna hiyo mhunzi hufua. Mshona nguo hushona. Lakini msanifu ambaye zana yake yote iko ng'ambo hukaa mbele ya kioo kitupu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hawakukataza kuazima, walikumbusha tu kwamba mwenye nguo aweza kuitaka wakati wowote, hata katikati ya karamu.

Nini basi lifanywe? Historia haitoi maagizo, lakini hutoa tahadhari, na kutokana na tahadhari hizo msanifu mwenye busara aweza kujiwekea kanuni chache. Kwanza, ajue siri ya zana yake iko wapi, na kama mlango wake hufunguka. Si lazima awe mwandishi wa programu, lakini yafaa ajue kusoma msimbo kidogo, kama vile mhunzi alivyojua kuutambua kwa macho na sikio uzuri wa chuma asichokiyeyusha. Pili, jina la tovuti, hasa lile limaliziwalo kwa .tz, liandikishwe kwa jina la mwenye biashara, lisiandikishwe kwa jina la msanifu wala la kampuni ya zana. Kwani jina ndilo kiwanja, na nyumba yaweza kujengwa upya mahali pale pale. Tatu, nakala ya maandishi, picha na orodha za wateja iwekwe nje ya zana, na mteja apewe yake mkononi siku ya makabidhiano. Nne, mapatano yaandikwe: nani atalipa kodi ya kila mwezi, na nini kitakuwa ikiwa msanifu atahama au atakufa. Kazi nyingi za mipakani hufanywa kwa neno la mdomo, na neno la mdomo ni zuri kati ya watu wanaoonana. Lakini katika kazi hii yuko mtu wa tatu asiyeonekana, naye ana mkataba wake ulioandikwa tayari.

Liko jambo moja zaidi, nalo latuhusu sisi wenye kufundisha na kusoma zaidi kuliko lamhusuvyo msanifu. Twaijua kazi ya chuma ya Unyiha kwa kuwa iliacha mabaki. Mkulima ageuzapo shamba lake hukuta mavi ya chuma, meusi na mazito, na mtafiti huyaokota akasema hapa palikuwa na tanuru. Twaijua chumvi ya Ivuna kwa vigae vya vyungu vilivyolundikana. Mpanga herufi naye aliacha kitabu, na Agano Jipya la Kinyiha la mwaka 1913 bado laweza kusomwa. Lakini ukurasa wa wakala wa mizigo wa Tunduma, wenye bei zake za shilingi na kwacha, wenye Kiswahili chake cha mpakani, uliojengwa kwa siku tano na kufungwa kwa kodi isiyolipwa, unaacha nini? Hauachi vigae wala mavi ya chuma. Ile hazina ya Internet Archive, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, hunakili kurasa nyingi za ulimwengu, lakini haikuahidi kunakili kila ukurasa wa kila mji mdogo, na si haki kumwachia mgeni kazi ya kutunza kumbukumbu zetu.

Mwanafunzi atakayetaka, miaka hamsini ijayo, kuandika historia ya biashara, ya lugha, au ya usanifu katika mkoa huu, atawakuta wahunzi wa karne ya 19 wakiwa na ushahidi mwingi kuliko wasanifu wa karne ya 21. Hilo litakuwa jambo la aibu, nalo laweza kuzuiwa kwa gharama ndogo: mwanafunzi mmoja katika kila wilaya, aliyepewa kazi ya kuchukua nakala za kurasa zilizojengwa na vijana wa kwao, pamoja na maelezo ya nani aliijenga, kwa zana gani, kwa mteja gani, na kwa bei gani. Vyuo vyetu viliwahi kuwatuma wanafunzi vijijini kukusanya hadithi na methali kwa wazee kabla hazijapotea. Yafaa sasa viwatume kwa vijana pia, kwani katika ufundi huu kazi ya kijana aliye hai hupotea kabla yake mwenyewe.